Herufi za Pikseli Tisa

Phelister Oyugi alikuwa na watoto wanne, na wa tano alikuwa wa jicho. Huyu wa tano ndiye aliyemsumbua kuliko wote, maana wale wanne ukiwafokea wanasikia. Valarie, Vera na pacha wawili, Opiyo na Odongo, walikuwa wamekwisha kujua njia ya kwenda shule na ya kurudi. Mtoto wa jicho haendi popote. Alianza na jicho la kushoto mwaka wa 2005, akaona pale pana nafasi, akahamia na la kulia.

Daktari wa macho alimmulika kwa tochi, akamwambia miwani haitasaidia. Ukungu uko ndani ya jicho, miwani iko nje, sasa ifanye nini? Atapasuliwa, ndiyo, lakini si leo. Mtoto bado mchanga, asubiri akomae, na foleni ya kupasuliwa nayo ni ndefu. Kwa sasa aepuke jua kali na asome herufi kubwa. Phelister alimshukuru, akatoka, akasimama kando ya barabara akijiuliza herufi kubwa zinapatikana wapi.

Maana kazi yake ilikuwa ni herufi. Alitoka Ahero, Kenya, akiwa na cheti cha upigaji chapa alichokipata Kisumu: maneno sitini kwa dakika, bila kuangalia vidole. Aliingia Kampala mwaka wa 1991 akimfuata mumewe, Oyugi, fundi wa injini za dizeli. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitano, kampuni zinafungua milango mojamoja, na kila aliyefungua mlango alitaka Mkenya wa kumpigia chapa, kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuzieleza. Mwaka wa 1998 Oyugi alirudi Kisumu kuchukua spea. Hajarudi mpaka leo. Spea nyingine ni adimu, jamani.

Phelister hakumlilia mbele za watu. Alibaki na watoto wake, vyumba viwili vya kupanga Makindye, chini kidogo ya kambi ya jeshi, na kazi ya ukatibu katika Ribbe, kampuni ya malori ya Bwana Obwona. Huyu Obwona alikuwa Mwacholi, mtu wa miaka hamsini na sita, aliyewahi kusimamia magari jeshini kabla hajaanza kusimamia ya kwake. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: kifupi, hakijali upatanisho, na kinaeleweka mara ya kwanza. Ndicho kilichokuwa kikisemwa pale ofisini, kwa kuwa madereva walikuwa Wanubi, Wakenya na Wakongo, na lugha nyingine zote ziliishia getini.

Kitu kimoja kilimpa Phelister majivuno, nacho ni kuitenga l na r. Majirani wa ofisi walikuwa Waganda, na kwao Ribbe ilikuwa Libbe. Phelister aliwasahihisha kwa miaka kumi na sita bila kuchoka na bila mafanikio. Yeye mwenyewe, Mjaluo wa Ahero, shida aliita sida na shuka aliita suka, lakini hilo hakuwahi kulisikia. Nyani haoni kundule.

Basi mwaka wa 2007 ukaingia. Kampala ilikuwa inachimbwa kila kona, wageni wa Jumuiya ya Madola wanatarajiwa, na kila mwenye kampuni aliona ni aibu kukutwa hana tovuti. Bwana Obwona naye akaagiza yake. Aliyeitengeneza alikuwa Cleopas Makokha, kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Bungoma, mwenye ofisi ya kompyuta mbili na feni moja ghorofani, Barabara ya Nkrumah. Mteja wa Goma au Bukavu angeandika mzigo wake na unakokwenda, nao ungetokea kwenye ukurasa wa orodha pale Ribbe. Phelister angesoma, angeandika karatasi ya dereva, na lori lingeondoka. Hakuna tena faksi iliyofifia, hakuna tena kupigiana kelele kwenye simu.

Tovuti ilikuwa nzuri, tusimwonee kijana. Ilikuwa nyeusi, ina picha ya lori jekundu kando, na maandishi ya kijivu yaliyojipanga kama askari. Ila maandishi yenyewe yalikuwa ya pikseli tisa. Pikseli ni kile kinukta kimoja kati ya maelfu yanayojenga picha kwenye kioo cha kompyuta, na herufi ya Cleopas ilipewa vinukta tisa kwenda juu, basi. Sisimizi akisimama wima anaizidi. Cleopas alisema herufi kubwa ni za kibao cha bucha.

Tena alizifunga. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na mahali pa kuchagua ukubwa wa maandishi: madogo, ya wastani, makubwa, makubwa kabisa. Kwenye tovuti za watu wengine ukichagua makubwa kabisa, maandishi yananenepa huku unayatazama. Ya Ribbe hayakutikisika. Cleopas alikuwa ameandika kipimo chake kwa pikseli, na kipimo kikiandikwa hivyo mashine ilimtii mtunzi, haikumsikiliza msomaji. Phelister alijaribu mara tatu. Alijaribu kuchapisha kwenye karatasi, herufi zikatoka ndogo vilevile, na weusi wa ukurasa ukamaliza wino. Alijaribu kunakili maandishi ayahamishie kwenye programu ya kuandikia barua, ili ayakuze huko. Kikatokea kisanduku katikati ya kioo: HAIRUHUSIWI KUNAKILI. Kisanduku hicho peke yake ndicho kilichokuwa na herufi kubwa, na Phelister alikisoma vizuri sana.

Akampigia Cleopas simu.

"Mwanangu, kuna wateja wanasema herufi ni ndogo."

"Wateja gani, auntie?"

"Wateja tu."

"Auntie, nikizikuza ukurasa utavunjika. Ile picha ya lori itashuka mpaka chini."

"Ikisuka chini itaumia?"

Cleopas alicheka, akidhani ametaniwa, akamwambia auntie bwana, una mambo, akakata simu.

Mtu atauliza: kwa nini asiseme tu kwamba haoni? Ni swali la mtu ambaye hajafanya kazi kwa Bwana Obwona. Mwaka mmoja kabla, mtunza stoo alianza kuchanganya katoni kwa sababu ya macho. Obwona alimwita, akampa mkono na mfuko wa sukari, akamrudisha nyumbani kwao. "Jeshini," alisema, "mtu haoni, utampa nini? Bunduki?" Barua ya kumwachisha aliipiga chapa Phelister kwa vidole vyake mwenyewe. Sasa yeye ana watoto wanne na baba yao bado anatafuta spea. Akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa wapangaji Makindye.

Aliyemwokoa alikuwa Maimunah, mama wa chai, mwanamke wa Kawempe wa miaka thelathini na kitu, aliyeingia kila siku saa nne asubuhi na chupa mbili za chai na kapu la vikombe. Alisoma mpaka Senior Two, yaani kidato cha pili. Macho yake yangeweza kuona kijiwe ndani ya mchele kabla mchele haujapembuliwa.

"Maimunah, hebu nifutie hiki kioo, kina vumbi."

Maimunah akafuta.

"Sasa nisomee hapo, tuone kama pamesafika."

Siku ya kwanza Maimunah aliamini. Siku ya pili aliona vumbi la ofisi hii linakuja upesi mno. Siku ya tatu alivuta kigoda, akaketi, akasoma orodha yote kuanzia juu hadi chini, na hakuuliza chochote. Phelister aliandika aliyoyasikia kwa mwandiko wake mkubwa. Ikifika saa tano, Bwana Obwona alitoa kichwa mlangoni kwake: "Phelister! Websaiti inasema nini leo?" Phelister alimweleza, Obwona akaitikia, akarudi ndani. Alikuwa mtu wa haraka, hakuwa na nafasi ya kukaa akitazama kompyuta.

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa miezi minne, na hakuna lori lililopotea. Phelister alijifunza kuutafsiri ulimi wa Maimunah. Ulimi wa Kiganda una sheria zake: ikitangulia a, r haipiti, inapita l. Ukisikia Alua, andika Arua. Ukisikia Mbalala, andika Mbarara. Ukisikia sukali, andika sukari, na mwambie Maimunah asiitie nyingi.

Mwezi wa sita ikaja oda ya magodoro.

"Magodoro mia moja na ishirini," Maimunah alisoma. "Ya zahanati ya masista."

"Yanakwenda wapi?"

"Kabale."

"Kabale?"

"Eeh, Kabale, dada Pherista."

Phelister alifikiri kidogo. Kabale ni Kabale. Mji upo, kusini kule, una baridi, kila dereva anaujua. Hapakuwa na cha kutafsiri. Akaandika KABALE kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa ng'ambo ya barabara, akampa karatasi Sebit, dereva wa Kinubi mwenye miaka ishirini barabarani, na Sebit akapakia.

Ole wake, maana ulimwenguni kuna Kabare pia. Iko Kongo, karibu na Bukavu, na lori linalokwenda huko lingeweza kupita Kabale hiyohiyo, livuke Rwanda, liendelee. Mtu mmoja mwenye vyote viwili, macho na ulimi, angeiona r hapo na kuitamka. Lakini mwenye macho alikuwa na ulimi usioitaka r, na mwenye ulimi hakuwa na macho. Kila mmoja alikuwa na nusu.

Siku ya pili Sebit akapiga simu.

"Mama Valarie, nimeshusha."

"Wamepokea vizuri?"

"Wamepokea kwa nyimbo! Nimezunguka mji nikiuliza masista wenye shida ya magodoro, nikaelekezwa kwenye nyumba moja mlimani. Kumbe walikuwa na novena, siku tisa wanaomba magodoro. Leo ndiyo ya tisa. Nimepiga honi wakiwa kwenye amina."

"Hawakuuliza yametoka kwa nani?"

"Nimeuliza mimi kama wanatarajia mzigo. Wamesema wanautarajia siku tisa. Wamenilisha, Mama Valarie, nimeshindwa kuinuka."

Phelister alifurahi. Alifurahi siku moja nzima. Kesho yake simu ikalia tena, na safari hii alikuwa sista mkuu wa zahanati, anaongea Kiswahili cha Kongo, taratibu, bila hasira, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Mama, matela yetu iko wapi?"

"Matela gani, sista?"

"Ile ya kulalia, mia moja na makumi mbili. Ya hapa Kabare."

Alilitamka jina kwa r iliyokwaruza waya. Phelister alisema subiri kidogo sista, akaweka simu juu ya meza, akaitazama. Miaka kumi na sita alikuwa anawafundisha watu tofauti ya l na r, na sasa tofauti hiyo ilikuwa magodoro mia moja na ishirini na mipaka miwili katikati.

Ijumaa mchana Bwana Obwona aliita kikao. Walikuwapo Sebit, Phelister, na Cleopas aliyeitwa kutoka mjini. Maimunah aliingia kumimina chai, na hakuna aliyemjali.

"Magodoro ya watu iko Kabale," Obwona alianza. "Tena na masista juu yake, amelala. Mimi siwezi kutoa sista kwa kitanda. Nimepeleka ingine Kabare kwa mfuko yangu. Sasa nataka kujua: nani alisema Kabale?"

Sebit alitoa karatasi yake, akaiweka mezani. KABALE. Hata kipofu angeuona mwandiko ule.

"Mimi nimeandikiwa hivi, mzee. Wangeniandikia Makka ningekwenda Makka."

Cleopas alifungua tovuti kwenye kompyuta ya Phelister na kuonyesha kidole. "Mfumo haujakosea. Mteja ameandika vizuri, na imetokea vizuri. Hii hapa."

Obwona akamgeukia katibu wake. "Phelister. Wewe umesoma vibaya?"

Chai ilikuwa inamwagika. Maimunah alimimina, kikombe kikajaa, akaendelea kumimina, kisahani nacho kikajaa. Midomo yake ilikuwa imefunguka. Phelister aliliona hilo bila taabu yoyote: mama wa Kawempe, ana watoto watatu, anakaribia kusema ni mimi. Naye akisema, basi Jumatatu kutakuwa na mfuko wa sukari wenye jina lake.

"Sikusoma vibaya, mzee," Phelister alisema. "Sikusoma kabisa. Sioni."

Akaeleza yote: mtoto wa jicho, daktari, foleni, herufi zisizokua, kisanduku cha kukataza. Hakueleza kimoja.

"Na miezi minne hii nani anakusomea?"

"Mtu mwenye macho."

"Mtu nani?"

"Mzee, kosa ni langu. Mwandiko ni wangu."

"Lakini kitu iko wazi namna hii!" Obwona alipiga meza. "Kubwa namna hii! Mtu anakosa aje kuona?"

Hapo hasira ilimpanda Phelister. Si hasira ya kujitetea, maana alijua amekwisha. Ni ile ya mtu aliyekesha miezi minne na woga wake, halafu anaambiwa kitu kiko wazi.

"Basi soma wewe, mzee."

Obwona aliinuka. Alizunguka meza, akainama mbele ya kioo. Akarudisha kichwa nyuma. Akakisogeza mbele. Akafuta kioo kwa mkono wa shati. Akainamisha shingo upande mmoja kama anayesikiliza ukuta.

"Imeandikwa Kabale," alisema. "Kila mtu anaona. Hata hapa imeandika Kabale. Sasa kosa iko wapi?"

Sebit alikohoa. Cleopas, ambaye hakulelewa kunyamaza mahali panapotaka kimya, akasema, "Ni Kabare, mzee. Iko r."

Nje, fundi alikuwa anagonga tairi. Phelister alimtazama bosi wake, akaziona zile saa tano zote za miezi minne, kile kichwa mlangoni, ile websaiti inasema nini leo. Loo! Kumbe haikuwa haraka. Obwona alimtegemea Phelister, Phelister alimtegemea Maimunah, na malori tisa yenye mipaka mitatu yalikuwa yanaendeshwa na mama wa chai.

Obwona alirudi kwenye kiti chake, akaketi polepole.

"Kijana," alimwambia Cleopas, "siku ile unaleta hii kitu, mimi nilisema ni nzuri. Mimi niliona lori. Lori ilikuwa nzuri. Hii mchanga ingine nilidhani ni urembo."

"Ni maandishi, mzee."

"Sasa najua ni maandishi. Kuifanya kubwa inachukua wiki ngapi?"

Cleopas alitazama viatu vyake. "Ni mstari mmoja."

Akaketi, akautafuta mstari huo, akafuta zile pikseli tisa, akaandika asilimia mia, ili herufi zimfuate anayesoma na si aliyeandika. Akaondoa na kisanduku cha kukataza. Chai iliyomwagika ilikuwa bado ina moshi. Ukurasa uliporudi, picha ya lori ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa, imekaa pale peke yake, nayo haikuumia.

"Auntie," Cleopas alisema chini chini, "si ungeniambia ni wewe."

"Nilikwambia wateja."

"Wateja sikuwajua, auntie. Wewe ninakujua."

Obwona alikuwa amefika mlangoni kwake. "Ya macho yako," alisema bila kugeuka, "tutaongea Jumatatu." Akafunga.

Wengine waliondoka. Phelister alibaki kwenye meza yake, akachagua makubwa kabisa, na maandishi yakanenepa mbele yake. Miezi minne! Alisoma kila kitu, hata yasiyo na maana. Alisoma historia ya kampuni. Alisoma majina ya madereva, akaona Sebit ameandikwa Sebiti. Alishuka hadi mwisho wa ukurasa, juu kidogo ya lile lori, na hapo akakuta kichwa kinachosema Nafasi ya Kazi.

Katibu anahitajika. Umri usizidi miaka thelathini na mitano. Awe mwepesi, na macho yake yawe mazima. Tarehe mbili Mei.

Ribbe ilikuwa na katibu mmoja.

Aliisoma mara ya pili, kwa sababu aliweza. Maimunah alikuwa anakusanya vikombe nyuma yake, na sauti ya vikombe ikakoma.

"Hii ilikuwapo?" Phelister aliuliza.

"Ilikuwapo, dada."

"Uliiona?"

"Naiona kila siku." Maimunah aliweka kapu chini. "Nikifika hapo, naluka. Kweri nilikuwa naogopa. Ningekusomea aje, bambi, masikini?"

Phelister alitaka kumkasirikia, akakosa pa kuanzia. Alimshika mkono, akaubana, akauachia. Kisha akaenda kugonga mlango wa Bwana Obwona.

"Mzee, nimesoma tangazo."

Obwona alikuwa ameketi bila kufanya kazi yoyote. "Wiki saba kijana ameiweka," alisema. "Nilijua umeona siku ya kwanza. Nilisema huyu mama ana moyo, ameona na ananyamaza, anafanya kazi tu. Barua zako ilikuwa imeanza kuja na makosa. Ulikuwa unachelewa. Mimi ni mtu wa kazi."

"Ndiyo, mzee."

"Na hakuna mtu ameandika. Wiki saba, hata mmoja! Nikasema, kumbe Kampala mzima hakuna mtu anaweza kazi ya Phelister."

"Hawakuiona, mzee. Sasa wataiona. Nimwambie Cleopas aondoe tangazo, au aondoe herufi?"

Obwona aligeuza uso dirishani, akayatazama malori yake.

"Acha yote," alisema. "Jumatatu tutaona."

Jumamosi Phelister alifua nguo za watoto ambazo tayari zilikuwa safi. Jumapili aliimba na kwaya, nyimbo anazozijua kwa moyo, na alipotoka kanisani hakukumbuka hata moja. Hakuwaambia watoto kitu. Usiku ule alilala vizuri kwa uchovu, jambo lililomshangaza.

Jumatatu saa mbili na nusu alifungua barua pepe za kampuni. Zilikuwa kumi na moja. Aliziona moja baada ya nyingine, nene, nyeusi, hakuhitaji mtu. Obwona alikuwa bado hajafika. Kidole cha Phelister kilikwenda kikakaa juu ya kitufe cha kufutia. Nani angejua? Wiki saba hakuandika mtu, ya nane pia isingeshangaza. Kidole kilikaa pale muda wa kutosha kuchemsha chai, kisha akakiondoa, akakiweka mapajani pamoja na vingine.

Obwona aliingia, akavuta kile kigoda cha Maimunah, akaketi.

"Wameandika?"

"Kumi na moja, mzee."

"Soma."

Akasoma. Wa kwanza alikuwa na miaka arobaini na tano na alikuwa dereva. Wa pili aliomba kazi yoyote. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, Obwona alikuwa anaguna tu. Wa saba aliitwa Amito, wa kutoka Gulu, Mwacholi mwenzake, miaka ishirini na minne, diploma ya ukatibu, maneno sabini kwa dakika, macho mazima, tayari kuanza mara moja. Phelister mwenyewe alikuwa na sitini. Akaisoma ile sabini mara mbili, akaendelea mpaka kwenye salamu za mwisho na jina la mchungaji wa kumdhamini. Kisha wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja.

"Imeisha?"

"Imeisa, mzee."

"Huyo Amito. Umesoma yote yake?"

"Yote."

"Mimi nisingejua," Obwona alisema. "Ungeacha huyo, mimi ningejua aje?"

Phelister alitazama kibodi yake. Obwona aliinuka, akarudisha kigoda alipokikuta, akafika mlangoni kwake.

"Waandikie," alisema. "Sema nafasi imejaa."

"Wote?"

"Wote kumi na moja. Na andika kubwa. Mimi nasoma mwenyewe kabla ya kutia sahihi."

Phelister alianza na ya Amito, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimwogopesha. Tunakushukuru kwa maombi yako. Tunasikitika kukuarifu kwamba nafasi hiyo imeshajazwa. Alipiga ya pili, akapiga ya tatu. Kwenye ya nne alilia, waziwazi, bila kujifuta, na Maimunah akaja akamwekea kikombe karibu na mkono. Akanywa kidogo, akaanza ya tano.